Kocha wa Babu Lauvai

Saleapi, kisiwani Savaii
3 Februari

Kwa Shangazi Kolotita,

Pokea salamu nyingi kama mchanga, na zikikuzidi wagawie Waaustralia. U hali gani huko Brisbane? Mgongo je, umepoa? Sisi huku wazima, nguruwe wazima, hata jogoo wa jirani bado mzima ingawa nilishamwapia. Mimi ndiyo usiulize. Kifua kimepanuka, na timu ya raga ya kijiji bila mimi ni kwaya ya akina mama.

Najua unaigeuza barua hii huku na huku. Ulisema siku Pesamino aliyeikimbia shule darasa la tisa atakapoandika barua, mvua itanyesha kwenda juu. Basi chukua mwavuli. Jambo lenyewe halifai simu. Nyumba yetu unaijua, nguzo na paa, ukuta hakuna. Nikitamka neno kwenye simu, kabla sijaikata mke wa mchungaji ameshaliombea. Kwa hiyo nimempa Ioapo barua hii, anakuja huko kuchuma nyanya.

Jambo ni Babu. Shangazi, Babu anapotea. Si njiani, anapotea katikati ya maneno. Juzi barazani alisimama na fimbo yake ya kusemea, usinga begani, akaanza kuwataja wakuu wa kijiji kwa sifa zao, mmoja baada ya mwingine, kama anavyowataja tangu baba hajazaliwa. Alipofika katikati, kimya. Akautazama usinga kana kwamba anauuliza, "Tulikuwa wapi?" Baba Mdogo Mautofu akakohoa, akammalizia. Unamjua Baba Mdogo, akikohoa ujue kuna kitu anakitaka. Anaitaka fimbo ihamie tawi lao la ukoo.

Na Mei ndiyo hiyo. Ukoo wa Fuimaleo wa kijiji cha pili wanamsimika mkuu wao mpya, na msemaji wetu ni Babu. Akimruka mtu mmoja tu kwenye salamu, fimbo itatoka nyumbani kwetu iende kwa Mautofu, na haitarudi. Vizazi vyote vile viishie kwenye kikohozi?

Usiogope, nipo. Mimi sasa ni kocha wa Babu! Kichwa ni kama paja, ukililaza linalegea, ukilikimbiza linakaza. Basi jogoo wa kwanza tu, namtikisa. "Amka mzee, mazoezi!" Namnywesha kakao nyeusi, nzito ya kusimamisha kijiko, kisha nampa kazi ya majina ya wakuu, ya mababu, ya viwanja vya ngoma. Akikosea tunaanza upya. Si wazee wenyewe husema msemaji hulala jicho moja? Siku za mwanzo alinitupia mto. Sasa hatupi tena, anaamka tu na kunitazama. Mchana akisinzia namwimbia wimbo wa timu sikioni.

Usitume asante. Tuma viatu vya raga, saizi ya wanaume.

Ni mimi mwanao unayempenda kuliko wote (wengine usiwaambie),
Pesamino


Brisbane
27 Februari

Mwanangu Pesamino,

Amani ya Mungu ikufikie, na afya, na akili kidogo. Mgongo wangu unauma lakini unabeba. Barua yako Ioapo ameniletea ikiwa na doa la nyanya. Nimeisoma kwenye basi nikicheka peke yangu hadi watu wakasogea. Nilipofika kwenye kakao, nikaacha kucheka.

Sikiliza, kocha. Hapa kazini daktari wa wazee alituketisha akatueleza. Mtu akilala usingizi mzito, ubongo wake haulali, ndipo unapofagia. Takataka za mchana zinatolewa nje, na mambo ya siku yanapangwa mahali pake, kama Bibi yako alivyokuwa akipanga mikeka darini. Mzee usingizi wake tayari ni mwembamba, unakatika kama uzi. Na wewe ukiukata tena, fagio halipiti. Asubuhi anatafuta jina katikati ya takataka, atalionaje? Wewe umesema kichwa ni paja. Hata paja linakua likipumzika, muulize kocha wako wa kweli.

Kuna bibi mmoja hapa, Bi Doreen, alikuwa mwalimu. Tulidhani ndiyo basi tena, anamwita kila mtu "wewe mtoto". Kumbe ni sisi, tulikuwa tukimwamsha kila mara, huyu amgeuze, yule ampe kidonge. Tulipomwacha alale, na asubuhi tukawa tunamtoa juani, ikafika siku akaniambia, "Kolotita, chai yako ni mbaya." Si yote yaliyomrudia, mwanangu, sikudanganyi. Jina langu lilirudi.

Sasa nijibu hili bila mzaha. Babu akilala anakoroma? Na koromo hukatika, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini? Kama ndivyo, mpeleke zahanati, pumzi inamkatika.

Usimwamshe. Kakao mwisho adhuhuri. Viatu nitatuma Babu akilala.

Shangazi yako,
Kolotita


Saleapi
20 Machi

Kwa Daktari Kolotita, Bingwa wa Kulala,

Salamu kutoka kwetu sisi tulio macho. Hujambo? Sisi hatujambo ila tunasinzia, maana ndiyo kazi.

Nimekusoma, nimekuelewa, nimekataa. Huko mnafundishwa kulala na kulipwa juu? Kwetu mtu alalaye hunyimwa samaki.

Babu kukoroma, anakoroma kama feri ikirudi nyuma bandarini. Na ndiyo, hukatika. Kimya kabisa. Kisha anaibuka anahema. Wenzangu wakija hapa tunabishana kwa kunong'ona, "Anarudi! Harudi!" Akirudi tunacheka hadi tunaumwa mbavu. Nguvu za mzee hizo, Shangazi. Zahanati wanaenda wagonjwa.

Mazoezi yanaendelea. Jumapili alisinzia kwenye mahubiri, nikamfinya. Akasimama wima akalihutubia kanisa zima, akamshukuru mchungaji kwa jina la yule aliyekufa mwaka wa kimbunga. Jana aliniita kwa jina la baba. Niliitika tu, tusipoteze muda. Unaona anavyoteleza? Ndiyo maana nimeongeza zamu ya jioni.

Na lingine. Ioapo ameniandikia. Anasema pale si hospitali, ni nyumba ya wazee waliowekwa na watoto wao, na wewe ndiye unayewaosha. Shangazi wee! Babu anawaambia watu kanisani kwamba binti yake ni mkuu wa wauguzi. Usijali, mimi kaburi. Ila usinifundishe kumtunza mzee. Wewe ulikwenda kuwaosha wazee wa watu kwa mshahara, wako ukaniachia mimi.

Kocha,
Pesamino


Brisbane
9 Aprili

Pesamino,

Salamu. Mimi mzima.

Ni kweli. Naosha wazee. Nilisema hospitali kwa sababu sikujua nitamwambiaje baba yangu kwamba kuna nchi ambako wazee huwekwa kwenye nyumba yao, na kwamba mimi ndiye ninayefunga mlango jioni. Nimeona haya mwaka wa nne huu. Umelipiga jiwe mahali pake, hongera.

Lakini haya yangu haiponyi ujinga wako. Kimya kile mnachokicheka ni baba yangu hapumui.

Mwache alale. Sikuamuru, nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu.

Shangazi yako


Brisbane
26 Mei

Mwanangu Pesamino,

Natumai barua hii inawakuta hai. Sijapata neno lako tangu Machi. Nimepiga simu, Mautofu akapokea, akasema, "Wote wapo," akakata. Mautofu! Mtu asiyeweza kutoa salamu bila kuanzia kwa Nuhu!

Jumapili niliingia kanisani, wanawake wa kwetu wakanyamaza. Mmoja akanishika mkono akasema, "Pole," halafu akaogopa kuniambia pole ya nini.

Sherehe ya Fuimaleo imepita. Niambie. Hata kama ni baya, liandike hivyo hivyo lilivyo. Kama ni kwa ajili ya maneno yako yale ya mwisho, nimeshayala na yameshashuka.

Anakula? Anatembea? Yupo?

Shangazi yako, anakungoja,
Kolotita


Saleapi
4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Yupo. Anakula. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, kila nilipoweka mzaha ulinuka.

Mkesha wa sherehe sikumpa Babu usingizi hata wa kuku. Nilitaka aingie pale akiwa moto. Alikuwa anasema, "Mjukuu wangu, nimezijua salamu hizi kabla hujajua kunyonya, niache." Nikamwambia, "Mara ya mwisho, Babu." Mara ya mwisho hiyo ikafika alfajiri.

Kule kwa Fuimaleo wakuu walikaa kila mtu kwenye nguzo yake. Babu akasimama. Shangazi, alianza vizuri! Sauti ile uijuayo, watu wakatikisa vichwa. Nikageuka kumtazama Baba Mdogo, nikamkonyeza, maana yake, kohoa sasa tukuone. Akapita kijiji chetu, akapita cha kwao, hakumruka mtu. Akafika kwa wenyeji. Salamu yao ni "Wenye Nyumba ya Mawio", hata mtoto anaijua. Babu akawageukia akitabasamu, akasema, "Nanyi wabeba vikapu vya chakula, wekeni mizigo yenu mpumzike."

Zamani za zamani, kabla babu yao hajapewa cheo, ndivyo walivyosalimiwa. Siku hizi ukilitaja hilo hata ukiwa umelewa, mtu anaokota jiwe. Na Babu alilitaja siku yao, mbele ya mkuu wao mpya, kwa sauti yake nzuri.

Bakuli la kava lilipinduliwa, kinywaji cha heshima kikamwagika. Vijana wao wakainuka. Babu akaketi taratibu, akajiegemeza kwangu, akaninong'oneza, "Nimemaliza vizuri, kocha?"

Nikasema, "Vizuri, Babu."

Unajua nani alimtoa pale? Mautofu. Hakukohoa. Alimshika Babu mkono, akaweka mgongo wake mpana upande yalikotoka mawe, wakatoka hivyo hivyo hadi barabarani. Jiwe moja lilimpata begani. Mimi mchezaji nilikuwa nyuma nimebeba usinga.

Baraza likakaa. Likasema kesho pakipambazuka, Lauvai akainame kuomba radhi chini ya mkeka wa heshima mbele ya nyumba yao, asipoinama itakuwa vita. Lakini Babu alikuwa ameshalala. Alifika, akajinyoosha, akalala bila kula. Niliketi karibu yake. Koromo likakatika. Nikangoja. Sikuwahi kulingoja bila kucheka, sikujua kwamba kimya hicho ni kirefu vile.

Palipopambazuka Baba Mdogo akaja. "Mwamshe, twende."

"Simwamshi."

"Unasemaje wewe mtoto?"

"Nimemwamsha vya kutosha, Baba Mdogo. Nitainama mimi."

"Wewe una cheo gani? Wakiinua mkeka wakakuta chini yake kuna mcheza mpira, watadhani tumewatukana mara ya pili!" Kisha akamtazama Babu pale chini, mdomo wazi, mkono chini ya shavu.  Akasema, "Haya. Mimi ninacho cheo. Lete mkeka."

Mkeka nilioutoa darini ni wako. Ule Bibi aliokusukia. Sikukuomba ruhusa.

Tukapiga magoti tumefunikwa, mimi na Baba Mdogo, bega kwa bega. Ndani ya mkeka ni giza na unanukia Bibi. Jua likapanda. Nje nawasikia vijana, nawajua kwa sauti, nimecheza nao. "Huyo si nyota wa raga? Mbona leo mpira umemkalia kichwani?" "Nyota, pumua basi!" Mwingine akauliza, "Mzee wenu yuko wapi?"

Baba Mdogo akasema, "Amelala."

"Amelala! Katutukana kisha akalala!" Jiwe likaanguka karibu na goti langu.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi yao mkongwe, mama yake huyo mkuu, ikiuliza, "Mzee wa rika lile analala hadi saa hizi? Anaumwa?"

Nikasema mle mle ndani. Nikawaambia haumwi, ni mimi. Nikasema tangu mwaka uanze namwamsha jogoo wa kwanza, namnyima na usingizi wa mchana, na usiku wa kuamkia jana hakulala kabisa, na kwamba shangazi yangu aliniandikia mara mbili nikamcheka. Nilikuwa nalia kamasi, Shangazi, na nilijua wananisikia.

 Yule bibi akasema, "Hata kuku aliyelalia mayai hasumbuliwi. Wewe ulilelewa wapi?"

 Mkuu wao akaja akauinua mkeka. Akasema hasira imekwisha, ila kinywa kile kisisimame tena mbele yao. Mkeka wamebaki nao. Fimbo baraza limempa Mautofu. Aliipokea macho chini, na hadi leo hajatembea nayo mbele yetu. Mimi niliyekesha ili isitoke ndiye niliyeitoa.

Babu aliamka jua limesimama, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hajui kitu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila asubuhi mkono wake unakwenda kwenye nguzo ilipokuwa ikiegemezwa fimbo, unapapasa, unarudi.

Na yale niliyokuandikia Machi.  Ningekuwa na kalamu ile ningeivunja.

Pesamino


Brisbane
23 Juni

Mwanangu,

Salamu, na asante kwa kuandika lilivyo.

Mkeka ule Bibi yako aliusuka hadi macho yakafifia. Alisema ni wa siku yangu kubwa. Nimekasirika, sikufichi, nimetembea chumbani humu nikikutukana kwa majina yote ya mababu, na sikumruka hata mmoja. Kisha nikafikiri, ningekuwepo ningekufunika nao kwa mikono yangu.

Jumapili wale wanawake waliponyamaza nikawaambia wote, "Baba yangu amepoteza fimbo, na mimi si muuguzi, naosha wazee." Mmoja akasema, "Mimi nafagia kiwanda cha kuku, nilisema ni meneja." Tukacheka hadi mchungaji akatukemea. Haya imetoka? Haijatoka yote.

Sasa kazi. Zahanati, wiki hii, uwaambie habari ya pumzi. Alalie ubavu. Asubuhi umtoe juani. Kulia utalia baadaye.

Nimeomba likizo. Nitafika katikati ya Agosti.

Shangazi yako,
Kolotita


Saleapi
21 Julai

Shangazi Kolotita,

Shikamoo, na salamu za wote. Natumai mgongo unakuruhusu. Huku tu wazima, isipokuwa jogoo wa jirani. Nilimwomba jirani aniuzie, akaniuliza wa nini, nikamwambia, akanipa bure. Alikuwa mgumu, lakini mchuzi wake ulikuwa mtamu.

Zahanati tumekwenda. Muuguzi alimsikiliza Babu akisinzia pale kwenye benchi, akasema ni kama ulivyosema. Ameandika jina lake apelekwe hospitali kubwa ya Apia kupimwa, kuna mashine ya kusukuma pumzi, lakini foleni ni ndefu. Kwa sasa nimemshonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana. Akilala chali unamchoma, anarudi ubavuni. Anamtukana aliyeushona. Naitikia, "Mpumbavu kweli huyo, Babu."

Nilimuuliza muuguzi, atarudi kama zamani? Akasema, "Kilichoziba kwa kukosa usingizi kinaweza kuzibuka. Kilicholiwa na uzee sikuahidi, na mpaka wa hivyo viwili siuoni."

Halafu juzi. Babu aliamka mwenyewe, jua limeshaingia ndani. Akakunja mkeka wake, akaketi kwenye nguzo. Mkono ukapapasa, fimbo hamna. Akachukua lile fito la kuangulia shelisheli, akasimama, akaanza. Nilikuwa namenya magimbi, nikaganda na kisu mkononi. Akapita kijiji chetu mtu kwa mtu. Akapita vilima, akapita viwanja. Akafika kwa Fuimaleo. Shangazi, nilisahau kupumua. Akasema, "Nanyi Wenye Nyumba ya Mawio, jua lenu na lisimame." Taratibu, kila neno na heshima yake. Waliomsikia ni mimi na kuku mmoja.

Akaketi. "Nimemaliza vizuri, kocha?"

Nilitafuta mzaha, sikuupata. Nikasema, "Vizuri, Babu." Safari hii ilikuwa kweli.

Akalitazama lile fito. "Fimbo yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Yote, na kakao, na jogoo, na mkeka.  Kisha akanishika kisogo akasema, "Na wewe pia hukulala, mjukuu wangu."

Ungependa niishie hapo. Lakini adhuhuri alikuwa ameshasahau, akauliza tena fimbo iko wapi. Nikamwambia upya. Anauliza kila siku, Shangazi, na kila siku namwambia upya, maana kumdanganya siwezi tena. Siku nyingine ananishika kisogo. Siku nyingine ananigeuzia mgongo asiseme nami hadi jioni, na siku hizo ndizo naona kichwa chake ki sawa zaidi.

Baba Mdogo huja jioni na kuketi. Maneno yakimpotea kwenye baraza anakuja kumuuliza Babu, na mara nyingi Babu anayo.

Feri yako itafika mapema. Ukikata kona ya kanisa, usiite. Usipige hodi, na kilio kimeze kidogo, najua sauti yako. Atakuwa amelala. Njoo uketi nami huku jikoni kwenye mawe, tumngoje aamke mwenyewe. Huenda akakuita Sieni, jina la Bibi. Uitike au umwambie jina lako, hilo utalijua wewe, mimi sijui. Mimi kazi yangu siku hizi ni kufukuza kuku wasimkaribie.

Viatu usilete.

Mwanao,
Pesamino